Ukuta Uliopumua

Simu ilipoita, Prisila alikuwa amesimama mlangoni kwake akiitazama mvua ya kwanza ya msimu kama mtu anayemwona mgeni asiyempenda akikata kona kuja kwake. Kwa wakulima wenzake wa Isengenda mvua ile ilikuwa sherehe. Kwake yeye, fundi wa nyumba za udongo, ilikuwa mtihani, na kila mwaka matokeo yake yalibandikwa hadharani kwenye kuta za watu.

"Fundi." Ilikuwa sauti ya Malale, mfugaji wa Kisukuma aliyehamia kijijini na ng'ombe wake miaka sita iliyopita. Nyumba yake ndiyo ilikuwa kazi kubwa kuliko zote alizofanya Prisila mwaka ule. Hakusalimia. "Njoo. Njoo uone ulichotuwekea ukutani."

"Lipu imebanduka, mzee?"

"Nimesema njoo."

Simu ikakatwa. Prisila akachukua mwiko wake, akajifunika mfuko wa mbolea kichwani, akatoka. Njiani alikuwa anapiga hesabu ya lipu: iwe imeanguka upande wa magharibi, mvua inakopigia, iwe imeanguka nusu ukuta. Neno la Malale lilimpita bila kumgusa. *Ulichotuwekea.* Alikuja kulikumbuka amefika.

Isengenda ni kijiji kilichokaa pembeni ya reli ya Kaliua kwenda Mpanda, mahali ambapo miombo zamani ilishuka mpaka kwenye tuta la reli. Siku hizi miti imerudi nyuma sana. Tanuri za matofali ndizo zilizoila. Miaka mitatu kabla ya siku ile, chemchemi ya mlimani ilipokauka mara ya pili, mkutano wa kijiji ulipitisha kwa mikono yote kwamba hakuna tena kuchoma tofali kwa kuni. Watu wakapiga makofi, kisha wakatazamana. Tujenge na nini sasa?

Prisila ndiye aliyesimama. Alikuwa amejifunza ufundi Shanwe, mjini Mpanda, kwa mjomba wake, na alijua kunyoosha kona kwa timazi kuliko wanaume wengi. "Tujenge kwa matofali mabichi," alisema. "Babu zetu waliishi humo." Makofi mengine. Ila babu zetu walikuwa na paa za nyasi zilizoshuka karibu na ardhi, na hawakuwa na haraka. Msimu wa kwanza alipiga lipu ya saruji juu ya udongo. Mvua ikaingia nyuma ya saruji, ikabanduka vipande vizima kama gamba la nyoka. Msimu wa pili akapiga lipu ya udongo mtupu. Ikateremka yote, ikalala chini ya kuta kama uji uliomwagika. Watu wakapata utani. "Nyumba za Prisila ni andazi," walisema kilabuni. "Ukichovya tu, kwisha." Na wachache wakaanza tena kuchoma tofali kwa siri huko porini.

Nyumba ya Malale ilikuwa nafasi yake ya mwisho, na yeye mwenyewe alilijua hilo. Ilikuwa Julai, maji ya kukandia udongo yalikuwa shida, na hapo ndipo alipopata wazo. Bonde la upande wa Ugalla lilikuwa na bwawa lililokauka, na tope la chini yake lilikuwa limekauka gumu, limepasuka mapande mapande. Kwa nini akande? Akate tu. Yeye na wachungaji wa Malale wakayakata mabonge moja kwa moja kwa shoka na panga, makubwa kama mto wa kulalia, na mkokoteni wa ng'ombe wa Malale ukayaleta siku tisa mfululizo. Mwezi wa tisa ukuta ulikuwa umesimama, bati limepigwa. Nje akapiga lipu. Ndani hakupiga, walikubaliana atarudi baada ya mavuno.

Sasa alipofika uani kwa Malale, mvua ilikuwa imepungua na uwanja umejaa watu. Walikuwa thelathini, pengine zaidi, wamesimama kwenye matope bila kusema neno. Walipomwona walimwachia njia. Hilo lilimtisha kuliko kelele.

Suzana, mke wa Malale, alikuwa amekaa juu ya kinu kilicholazwa jikoni, mikono imelikumbatia tumbo lake la miezi sita.

"Nilisema," alimwambia Prisila, macho yakiwa pengine. "Nilisema wiki mbili. Ukuta unapumua, nilisema. Hapa hapa kichwani pangu, nikilala mchana, nasikia *hhaa*. Wakaniambia ni mimba."

"Umesikia nini, mdogo wangu?"

"Usimwite mdogo wako," akasema Malale. Alikuwa mlangoni, fimbo ya ng'ombe mkononi, shati limelowa mpaka limeng'ang'ania mbavu. Alikuwa mtu mpole, mwenye kucheka taratibu. Leo uso wake ulikuwa umefungwa. "Mvua imepiga, lipu yako imeshuka, bonge la pembeni ya kitanda limelainika, nusu yake imeangukia ndani. Na kilichokuwa humo kimetoka. Kimeangukia kitandani, mke wangu akiwa amelala. Ingia. Kaangalie mwenyewe, wewe uliyekiweka."

Prisila aliingia.

Chumbani mlikuwa na harufu ya tope na ya samaki. Mwanga uliingia kupitia tundu la ukutani lenye ukubwa wa sufuria. Mwanzoni hakuona kitu, ila mkeka uliokunjamana na madongo. Kisha madongo yakasogea.

Lilikuwa dude refu kama mkono, nene kama kifundo cha mguu wa mtu mzima, rangi ya tope lenyewe. Lilikuwa na mkia wa nyoka. Mahali pa miguu palining'inia nyuzi nne, laini kama kamba za viatu, na nyuzi zile zilikuwa zinatikisika. Mwili wote ulifunikwa ute. Likajivuta, likakiinua kichwa chake kilichochongoka, likafumbua mdomo, na likashusha pumzi. Pumzi ya mtu. *Hhaa.* Pumzi ya mzee aliyetua mzigo.

Mwiko ulimdondoka Prisila. Akajikuta amekaa chini na mgongo wake umegonga ukuta wa pili, na ukuta ule nao ulikuwa wa kwake, aliujenga kwa mabonge yale yale, na alipougusa kwa viganja alihisi kama ameshika ngozi ya kitu. Alikuwa ameishi miaka arobaini na mbili, amezika wazazi, amezaa peke yake njiani akitoka shamba, na hajawahi kuona mwili wake ukimkatalia namna ile.

Alipotoka nje, alikuwa anashika vitu ili asianguke.

"Mmeona?" Sauti ilitoka kwenye kundi la wanawake. "Mwoneni alivyopauka. Anakijua."

Alikuwa Angela. Angela jirani yake, ambaye nyua zao zilitenganishwa na mstari wa minyaa tu. Angela aliyeimba naye sauti ya pili kwenye kwaya ya kigango.

"Angela, mimi nakijua vipi?"

"Kafara, Mama Mercy. Sema tu. Umeona nyumba zako hazisimami, ukatafuta cha kuzishikilia. Umezika kitu ukutani." Angela alikuwa analia anaposema, na pengine hilo ndilo lililowafanya watu wamwamini. "Ndama wawili wa mzee Malale wamekufa mwezi wa kumi. Na huyu mtoto ana mimba. Ulitaka kumchukua nani?"

Kelele zilianza hapo. Prisila alizisikia zikipanda kama maji yanayotokota, kwanza chini, halafu juu. Mtu alisema aitwe mtendaji wa kijiji. Mwingine akajibu mtendaji yuko Mpanda kwenye kikao na simu yake haipatikani. Mtu akasema hakuna haja ya mtendaji. Aliwafahamu wote. Yule alimjengea jiko. Yule alimpa mbegu ya mpunga mwaka wa njaa. Na huku akiwatazama usoni mmoja mmoja, akitafuta hata jicho moja la kumjua, jiwe likampiga begani.

Halikuwa kubwa. Lilitoka mkononi kwa Angela. Prisila aliuona mkono ukishuka.

Alijua, kama watu wa upande ule wanavyojua, kwamba jiwe la kwanza huita mengine. Mguu wake wa kulia ulikuwa tayari umegeuka kuelekea reli. Ila mtu akikimbia, amekiri. Basi, bila kujua atafanya nini, akafanya jambo ambalo hakuna aliyelitarajia: akageuka, akarudi ndani ya chumba kile.

Malale alimfuata, fimbo juu.

Prisila hakumtazama yule kiumbe. Alitazama tundu. Jicho la fundi lina mazoea yake. Hata mwenyewe akiwa anatetemeka, lenyewe linapima. Na lilichokiona lilikiona vizuri. Nusu ya bonge iliyobaki haikuwa imechimbwa kwa chuma. Ndani yake mlikuwa na chumba kidogo cha mviringo, laini kama tumbo la chungu, kipimo cha mnyama aliyejikunja, mkia umefunika uso. Ukutani mwa chumba kile kidogo kulishikamana kitu chembamba cha kahawia, kama karatasi ya kufungia sukari. Na kutoka chumba kile hadi upande wa kitanda kulikwenda kitundu kimoja, chembamba kama kidole, kingo zake zimesuguliwa zikang'aa.

Kitundu kile alikijua. Si hicho; ndugu zake. Wakati wa kujenga aliona mabonge kadhaa yenye vitundu vya aina ile. Alidhani ni vya wadudu. Kimoja alikiziba kwa kidole chake mwenyewe.

"Mzee Malale," alisema, na sauti ilitoka kavu. "Mabonge yaliyobaki yako wapi?"

"Nyuma ya zizi."

"Nani ameyagusa?"

"Nani ayaguse? Yako pale tangu mkokoteni ulipoyamwaga. Nimeyafunika bati."

"Mimi nimeyagusa?"

Malale alifikiri. Alikuwa mtu wa haki hata akiwa na hasira. "Hapana," alisema. "Wewe ulimaliza kujenga, ukaondoka."

"Basi lete shoka."

Walikwenda wote nyuma ya zizi, kundi zima, matope yakilia chini ya miguu. Prisila aliliinua bati, akapiga magoti, akaanza kuyageuza mabonge moja moja. Aliyasukuma pembeni yote yasiyo na kitundu. Yakabaki matatu.

"Kama kitu kile nimekiweka mimi," alisema bila kuinua kichwa, "humu hakimo. Kama kimo, mtaniambia nani amekiweka."

Alipiga la kwanza. Likapasuka katikati. Ndani: chumba cha mviringo, na vumbi. Kitupu kabisa.

"Haya!" mtu akasema.

Alipiga la pili. Ndani ya karatasi ya kahawia mlikuwa na kitu kikavu, chembamba, kimekunjwa kama mkanda. Samaki. Samaki aliyekufa siku nyingi. Mwanamke mmoja aliguna, akajiziba mdomo. Lakini samaki mfu hathibitishi kitu. Mfu anaweza kuwekwa. Prisila alilijua hilo kabla hajasikia wakinong'ona. Lilibaki bonge moja, na alipoliinua shoka aligundua kwamba anaomba, Salamu Maria nusunusu, ameruka katikati.

Hakupiga kwa nguvu. Alikata pembeni, akalizungusha, akakata tena, kama mtu anayefungua tango. Kipande cha juu kikatoka.

Kiumbe alikuwa mle. Alikuwa amejikunja pande mbili, mkia juu ya macho, amevikwa kile kitambaa cha kahawia mwili mzima kama mtoto aliyefungwa kanga, na mahali pamoja tu palikuwa wazi, mdomoni, ambapo kitambaa kilijikunja kuwa kama mrija mdogo unaoingia kwenye kitundu. Alikuwa mkavu. Vumbi lilikuwa limemkalia. Mtu yeyote angesema ni mzizi.

Mvua ya rasharasha ilimdondokea. Tone la kwanza, la pili. Wote waliona: ubavu ukapanda, ukashuka. *Hhaa.*

Watu walirudi nyuma kwa pamoja, kama waliovutwa na kamba moja. Mzee mmoja alivua kofia. Malale aliiacha fimbo ianguke, na hakuna aliyesema tena neno la kafara. Julai hadi Novemba. Bila maji, bila chakula, ndani ya tofali, chini ya bati la moto.

Hapo akaja Telesfori, mstaafu wa reli, aliyekuwa anachechemea kutoka kwenye nyumba za stesheni na mwavuli uliovunjika mbavu. Alisukuma watu, akachungulia.

"Ala! Kamongo."

"Nini?"

"Kamongo. Samaki. Nyie hamjawahi kumwona?" Aliwatazama kama wamerukwa na akili. "Tulipokuwa tunachimba mtaro pale daraja la Ugalla tulimtoa wa futi tatu. Bwawa likikauka haendi popote. Anajichimbia, anatoa ute mwilini, ute unakauka unakuwa koti, analala. Anapumua hewa kama wewe. Maji yakirudi, anaamka. Mzuri sana kwa ugali."

"Haliwi," akasema Suzana kutoka nyuma. Alikuwa amekuja polepole, ameshikilia ukuta. Ndilo lilikuwa neno lake la kwanza la utulivu siku ile. "Nimelala naye chumba kimoja miezi miwili. Huyo haliwi."

Mtu mmoja akacheka, kicheko cha woga, kisha wengine. Wachungaji wa Malale waliwatia wote wawili kwenye ndoo, wakawapeleka bondeni ambako maji yalianza kutuama. Watu wakaondoka mmojammoja, wakikumbuka kazi zao. Hakuna aliyemwambia Prisila samahani. Angela alikuwa ameshaondoka.

Nyumbani, Mercy, binti yake, alimpa chai ya rangi. Akaiacha ipoe. Hakumfikiria samaki. Alikuwa anauona ule mkono ukishuka. Alikuwa ameimba na mwenye mkono ule, aliushika wakati wa msiba wa mume wa Angela. Dakika kumi zilitosha kuugeuza. Wale wote, dakika kumi. Hilo ndilo lililomkalia kifuani kama jiwe la kusagia, na lilikaa siku nyingi.

Lakini mfukoni mwa gauni alikuwa na kitu. Hakukumbuka amekichukua saa ngapi: kipande cha lile koti la kahawia, ukubwa wa kiganja. Asubuhi alikitazama kwenye mwanga. Chembamba kama ganda la kitunguu. Akakitia kwenye bakuli la maji, akaenda shamba. Akarudi mchana, akaenda, akarudi jioni. Maji yalikuwa safi. Kile kitambaa kilikuwa kimelegea kidogo, lakini hakikuyeyuka. Akakaa chini.

Kwa miaka mitatu alikuwa amepigana na maji kwa unene: lipu nene, saruji nene, na vyote vilianguka kwa uzito wao. Na samaki mpumbavu wa bondeni alikuwa amelizuia jua la Ugalla kwa kitu chembamba kuliko karatasi ya daftari. Hakukigandamiza juu ya tope. Alikinywesha ndani ya tope, vikashikana vikawa kitu kimoja. Kisha akaacha mahali pa kupumulia.

Ute. Ute angeupata wapi wa kutosha nyumba?

Jibu alilipata mezani usiku uleule, na lilimshtua kwa jinsi lilivyokuwa karibu. Mercy alikuwa amepika mlenda. Prisila aliinua tonge, na ule mlenda ukavutika kutoka kwenye bakuli mpaka mdomoni, ukang'ang'ania, ukakataa kukatika. Akalirudisha tonge.

"Mama, mlenda umeharibika?"

"Mwanangu, huu mlenda huota wapi?"

"Kila mahali. Hata chooni."

Alianza wiki ile. Alichuma mlenda pori magunia mawili, akauponda, akauloweka kwenye pipa siku mbili mpaka maji yakawa yanavutika kama mate ya ng'ombe. Akayakandia udongo wa kichuguu uliochekechwa, akapiga kwenye kipande cha ukuta wa banda lake. Asubuhi alikuta lipu yote haipo. Si mvua. Mbuzi wa jirani walikuwa wameilamba mpaka kwenye tofali. Alisimama pale amepigwa na butwaa, halafu, kwa mara ya kwanza tangu siku ile ya jiwe, akacheka mpaka akakaa chini.

Ya pili aliitia samadi ya ng'ombe, mbuzi wakaikimbia. Lakini ilipokauka ikapasuka kama kisigino. Ya tatu akaongeza majani makavu yaliyokatwakatwa, akapiga kwa tabaka nyembamba tatu badala ya moja nene, kila moja akiisugua kwa jiwe la mtoni hadi ing'ae, na mwisho akaipaka maji matupu ya mlenda kwa brashi ya katani. Akatoboa kopo la mafuta matundu, akalitundika juu ya ukuta, akalijaza maji asubuhi, mchana, jioni. Siku nne. Maji yaliteremka juu ya lipu kama yanavyoteremka kwenye jani la mgomba.

Hakumwambia mtu. Alikwenda kwa Malale.

Mzee alikuwa akilala na mke wake kwenye nyumba ya nyasi ya wachungaji tangu siku ile. Aliposikia hodi alitoka, akasimama, hakujua aiweke wapi mikono yake.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, fundi. Siku ile nilikuwa na fimbo."

"Nakumbuka."

"Ungekimbia, ningekupiga. Nataka ujue. Silali vizuri kwa sababu hiyo."

Prisila hakutaka kumrahisishia. Alisema, "Nipe samadi mikokoteni miwili, na watu wanne wa kuchuma mlenda. Nirudie nyumba yako."

Walimaliza kabla ya Krismasi. Safari hii alipiga lipu nje na ndani, na juu kabisa, chini ya bati, aliacha vitundu vya kidole mstari mzima, upande huu na upande ule. Suzana aliviangalia kwa wasiwasi.

"Hivi ni vya nini, dada?"

"Nyumba ipumue," alisema Prisila, na wote wawili wakashtuka kidogo kulisikia neno lile.

Januari ilikwenda na mvua za kawaida. Februari ilikuja ile mvua ambayo Isengenda bado wanaihesabia miaka. Siku tatu bila kukatika. Maji yalipita juu ya tuta la reli, treni ikalala Mpanda. Zilianguka nyumba kumi na moja kijijini, tano kati yake za tofali za kuchoma, kwa sababu msingi uliliwa chini. Siku ya tatu asubuhi Prisila alitoka kwenda kwa Malale, akikimbia kwenye maji ya magotini, na moyo ulikuwa unamwambia: Suzana amejifungua juzi, mtoto yumo mle, na wewe ndiye uliyewaambia warudi.

Nyumba ilikuwa imesimama.

Hakuamini. Alizunguka upande wa magharibi. Chini kabisa, mpaka kiunoni, matone ya kurukia yalikuwa yameila lipu, na mahali pawili bonge lilionekana. Hapo patahitaji mawe, na kila mwaka patahitaji kupakwa upya. Lakini kuanzia hapo kwenda juu ukuta ulikuwa unang'aa. Alibisha, akaingia. Chumbani Suzana alikuwa ananyonyesha. Prisila aliweka kiganja chake chote kwenye ukuta wa pembeni ya kitanda, akakibonyeza, akakiondoa, akakitazama.

Kilikuwa kikavu. Mkono mkavu, siku ya tatu ya mvua ile! Aliuweka tena. Akaupeleka huku na huku kama kipofu. Machozi yalimtoka bila kwikwi.

"Fundi, kuna nini?" Suzana aliuliza kwa hofu, mtoto kifuani. "Umesikia kitu humo?"

"Hapana. Hakuna kitu humo. Ni ukuta tu."

Habari haikumsubiri afike nyumbani. Mvua ilipokatika watu walianza kwenda kwa Malale kugusa ukuta, wengine wakiukwaruza kwa kucha mpaka akawafukuza. Mtendaji Stanslaus akaitisha mkutano, akasema kijiji kijenge darasa la chekechea kwa njia ile. Akamsifu fundi kwa maneno mengi. Siku ya jiwe haikutajwa, na Prisila alikaa kwenye benchi la mbele akishangaa jinsi kijiji kizima kinavyoweza kusahau kitu kwa pamoja, kama kilivyokifanya.

Angela alikuja siku ya nne baada ya mkutano. Nyumba yake ilikuwa miongoni mwa zile kumi na moja. Alisimama ng'ambo ya minyaa, hakuvuka, na kichwani alikuwa na gunia la mlenda linalovuja maji shingoni.

"Nimesikia unahitaji mwingi," alisema.

Prisila alikuwa anaosha vifaa. Aliendelea kuosha. Bega lilikuwa limepona zamani, lakini aliposikia sauti ile lilikaza lenyewe. Alimwona Angela akitetemeka chini ya gunia, na hakumhurumia mara moja.

"Uliogopa," alisema mwishowe.

"Niliogopa sana, Mama Mercy."

"Hata mimi niliogopa. Lakini mimi sikukurushia kitu."

Angela aliinamisha kichwa, gunia likateleza, akalidaka. Kuku walipita katikati yao.

"Liweke hapo chini," Prisila alisema. "Uje Jumatatu na jembe, tuanze na msingi wako. Kwaya siji bado. Nikiwa tayari nitakuja."

Angela alilipitisha gunia juu ya minyaa, akalitua chini taratibu, akaondoka. Prisila alikausha mikono, akalifungua. Majani yalikuwa mabichi, mororo, yamechumwa asubuhi ileile. Akayamimina yote kwenye pipa, akachukua mchi, akaanza kuponda.